Twiga wa Malindi: Alikuwa Hidaya au Kodi?

Mfanyabiashara mmoja wa Salama, huko Ukambani, amewatia watu maneno midomoni. Salama si mji mkubwa. Ni maduka, mikahawa, magereji na nyumba za wageni zilizojipanga kandokando ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, mahali ambapo malori husimama usiku na mchana. Jina lake huwafanya madereva wacheke kwa uchungu, kwani sehemu ile ya barabara imekula watu wengi mno.

Bwana huyu huuza vipuri vya malori. Mkewe ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, kwa hiyo naye huniita mjomba kama aniitavyo mkewe. Mara kadhaa amekwenda Guangzhou kununua bidhaa, na hakuna aliyemsema, kwa kuwa siku hizi safari ya Guangzhou kwa mfanyabiashara ni kama zamani safari ya Biashara Street. Lakini safari hii alimchukua mkewe, bintiye aliye shule ya sekondari, na mwanawe wa kiume wa miaka kumi, na alipomaliza kununua vipuri vyake akawatembeza siku kumi na mbili kutazama majengo na makaburi ya kale ya Wachina. Fedha alizozitumia ni zile alizokuwa ameziweka ili ajenge vyumba vya kukodisha nyuma ya duka. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Je, mtu mwenye akili timamu atavuka bahari kwenda kutazama ukuta?

Mimi naona swali hilo halikuulizwa kwa haki. Kitabu chetu kinatuamuru, mahali zaidi ya pamoja, tutembee katika ardhi tuangalie mwisho wa waliotutangulia ulikuwaje. Na yako yale maneno mashuhuri, ambayo kila mtoto wa chuoni ameyasikia, yanayohimiza elimu itafutwe hata kama iko Uchina. Wanazuoni wa hadithi wameitia dosari isnadi yake, nasi hatutaibebesha mizigo isiyoiweza. Hata hivyo, kudumu kwake ndimini mwa Waislamu kwa karne nyingi kwaonyesha kuwa Uchina ilijulikana zamani kuwa nchi ya mbali yenye kitu cha kujifunza. Mtu aliyejinyima vyumba vya kukodisha ili wanawe waone Uchina hakupotea. Swali lililo bora ni hili: waliona nini, na waliambiwa nini kuhusu walichokiona?

Nilikaa nao siku mbili Salama nikitoka Mombasa. Niliona picha zao, nikasikiliza masimulizi yao, na binti akanisomea daftari aliloliandika kila usiku. Daftari hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Walianzia Xi'an. Huko, nje ya mji, ndiko walikozikwa wale askari wa udongo wa Qin Shi Huang, mfalme aliyeiunganisha Uchina mwaka 221 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Ni maelfu ya sanamu zenye kimo cha mtu, zimepangwa kwa safu kama jeshi linalosubiri amri. Kila mtu anazijua kwa picha. Lakini mkwe wangu, mtu wa nchi ya ukame, alishikwa zaidi na kisa cha kugunduliwa kwake. Mwezi wa Machi 1974 wakulima walikuwa wakichimba kisima. Walitafuta maji, wakakuta kichwa cha mtu wa udongo.

"Mjomba," aliniambia, "sisi huku tunachimba visima kila mwaka. Tukikuta kigae tunakitupa kando tuendelee kutafuta maji. Wale walikipeleka kwa wakubwa, na leo hapo pana jengo kubwa kuliko uwanja wa mpira."

Neno hilo nililiweka akilini, na nitalirudia. Niongeze tu kwamba kaburi lenyewe la mfalme, lile tuta kubwa lililo karibu na askari hao, halijafunguliwa hata leo. Wachina wanajua mahali lilipo na zana wanazo, lakini wameona heri liachwe kuliko lichimbuliwe likaharibika. Kwa taifa lenye haraka ya kujenga kama lile, subira hiyo ni jambo la kutajwa.

Katika mji huo huo wa Xi'an uko Msikiti Mkuu, ambao kwa mapokeo ya wenyewe asili yake ni mwaka 742, ingawa sehemu kubwa ya majengo ya sasa ni ya zama za Ming, kuanzia mwaka 1392. Mpwa wangu alipofika alitafuta mnara asiuone. Mnara upo, lakini umejengwa kwa dari za ngazi ngazi zilizopinda pembeni, kama hekalu la Kichina. Aliniambia pia kwamba msikiti mzima umelala kuelekea magharibi. Ni kweli, kwani kibla chao kiko magharibi. Sisi wa Mombasa Makka iko kaskazini yetu, karibu sawasawa kabisa, hata mtu akipiga mstari kwenye ramani hautapinda. Mwana wa kiume, ambaye alikuwa amechoka na makumbusho, jambo hilo lilimwamsha. Akauliza kama Wachina walikuwa wakisali upande usio wao. Mama yake akamchorea duara katika vumbi la barabarani. Mimi naona somo hilo moja lilitosha kulipia nusu ya nauli yake.

Ukuta Mkuu sitaukalia sana. Walikwenda kama waendavyo wote, kwa basi kutoka Beijing, wakapanda ngazi wakahema, wakapiga picha. Hesabu ya serikali ya Uchina ya mwaka 2012, iliyojumlisha kuta za zama zote pamoja na zilizobomoka, ilifikia kilomita 21,196, kwa hiyo anayesema ameuona Ukuta ameona kipande cha kitambaa akadhani ameona jora. Na yale madai kwamba waonekana kutoka mwezini ni porojo. Yang Liwei, Mchina wa kwanza kupelekwa angani mwaka 2003, alisema mwenyewe kuwa hakuuona, na wala hakuwa mbali kama mwezini.

Jumba la kifalme la Beijing, ambalo zamani mtu wa kawaida akilikanyaga hupoteza kichwa, ni jambo jingine. Lilijengwa kati ya mwaka 1406 na 1420 kwa amri ya mfalme Yongle. Jina hilo mtu wa pwani yafaa alishike vizuri. Huyu ndiye aliyepelekewa twiga kutoka Malindi.

Kabla sijafika kwa twiga, yafaa niseme jambo ambalo waongozaji wa watalii hawakuwaambia jamaa zangu. Uchina hii inayojivunia mambo ya kale, si zamani sana ilikuwa ikiyavunja. Kuta za mji wa Beijing zilibomolewa baada ya mapinduzi ili zipishe barabara na reli ya chini ya ardhi. Mwaka 1966, Mapinduzi ya Utamaduni yalipopamba moto, vijana waliovaa vitambaa vyekundu mikononi waliivamia maziara ya Confucius huko Qufu, na mwaka huo huo wakaitoa mifupa ya mfalme Wanli, ambaye kaburi lake lilikuwa limechimbuliwa miaka michache tu nyuma, wakaipiga mawe na kuitia moto. Wataalamu walisimama wakitazama, wasiweze kusema neno. Basi anayetuambia kwamba Wachina wanaheshimu ya kale kwa tabia yao, na sisi tunayadharau kwa tabia yetu, hasemi kweli. Wao walivunja, wakajuta, wakatenga fedha, wakafunza watu. Ni kazi, na kazi hufunzwa.

Sasa tuje Nanjing, mahali ambapo daftari la binti liliniuma.

Nanjing ndiko zilikoundwa merikebu za Zheng He. Huyu alizaliwa mwaka 1371 katika jimbo la Yunnan, katika nyumba ya Waislamu. Baba yake na babu yake waliitwa Haji. Alitekwa angali mtoto, akahasiwa, akatiwa katika utumishi wa jumba la mfalme, akapanda cheo hadi kuwa amiri wa safari saba za baharini kati ya mwaka 1405 na 1433. Safari ya kwanza peke yake ilichukua watu wapatao 27,000. Ukubwa wa merikebu zake wataalamu bado wanaugombania, lakini mwaka 1957 katika karakana ya kale ya Nanjing ulichimbuliwa mti wa usukani wenye urefu wa mita 11. Mwana wa pwani anayejua jahazi na anayejua usukani wa jahazi, na afikiri mwenyewe chombo hicho kilikuwaje.

Kaburi lake liko katika kilima nje ya mji. Lilitengenezwa upya mwaka 1985, na juu yake pamechongwa takbira kwa herufi za Kiarabu. Wengi husema kwamba mwili wake haumo, kwa kuwa alifia baharini. Mpwa wangu alisoma Fatiha hapo, na walinzi, alisema, walimtazama kwa adabu.

Katika maonyesho waliyoyaona huko, binti alinakili orodha ya nchi zilizopeleka wajumbe kwa mfalme Yongle, Malindi ikiwamo. Akaandika katika daftari lake, kwa Kiswahili safi, kwamba mwaka 1415 Malindi ilimpeleka twiga "kuwa kodi kwa mfalme wa Uchina." Kisha akaongeza, kwa akili yake mwenyewe, kwamba kumbe Kenya ilitawaliwa na Wachina kabla ya Mreno na Mwingereza.

Nilimwambia, "Mjukuu wangu, hapa ngoja kidogo."

Msomaji, huu si ugomvi wa mwalimu wa sarufi. Kodi ni mali anayotoa mtu kwa mwenye uwezo wa kumwadhibu asipotoa. Ndivyo tulivyoijua kodi ya kichwa na kodi ya nyumba enzi ya Mwingereza. Hidaya ni neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, na ni kitu akitoacho mtu kwa hiari ili kufungua mlango wa mapenzi, akitarajia naye atafunguliwa. Je, Malindi ilikuwa na askari wa Kichina? Haikuwa. Ilikuwa na liwali wa Kichina? Hapana. Safari zilipokatishwa baada ya mwaka 1433, kuna Mchina aliyekuja kudai twiga wa mwaka uliofuata? Hakuna. Wajumbe wa Malindi walirudishwa kwao kwa heshima katika safari ya tano, iliyoondoka mwaka 1417, na desturi ya jumba lile ilikuwa mjumbe haondoki mikono mitupu.

Kwa nini basi Wachina waliandika kodi? Kwa sababu makarani wa jumba la mfalme hawakuwa na daftari jingine. Kwao, mfalme wao alikuwa katikati ya dunia, na kila aliyekuja na kitu mkononi alihesabiwa kuwa amekuja kunyenyekea. Hata Mwingereza hakuokoka. Mwaka 1793 Macartney alipopelekwa na mfalme wa Uingereza kwenda Beijing kutafuta biashara, mashua zilizomchukua zilipandishwa bendera zenye maandishi ya Kichina yaliyosema kwamba huyo ni mjumbe aletaye kodi. Hakuna mtoto wa London anayeandika katika daftari lake kwamba Uingereza ilitawaliwa na Uchina. Wa Salama naye asiandike hivyo.

Na watu wa Malindi walikuwa na hesabu zao. Malindi na Mvita walikuwa mahasimu wa biashara, na mnyonge wa wawili hao alikuwa Malindi. Tazama miaka themanini na tatu baadaye, mwaka 1498, Vasco da Gama alipofika: Mombasa ilimshuku, Malindi ikamkumbatia, ikampa na rubani wa kumfikisha Bara Hindi. Ni siasa ile ile, ya kutafuta rafiki mkubwa wa mbali ili kumkomesha jirani. Mimi ni wa Mvita na huenda naelemea upande, lakini nadhani hata Mmalindi hatanikatalia hilo. Twiga alikuwa barua ya siasa yenye miguu minne na shingo ndefu. Ilisomwa vizuri kupita kiasi, kwani Wachina walidhani wameona mnyama wa baraka wa hadithi zao, aitwaye qilin, ambaye hutokea tu panapokuwa na mfalme mwema. Mmoja wa twiga wa miaka hiyo alichorwa, na nakala ya picha ipo hadi leo: mnyama wetu ana uso wa upole, na mlinzi ameshika kamba.

Lakini pia tusivutwe upande wa pili. Hotuba za leo hupenda kusema kuwa Zheng He alikuja kwa urafiki mtupu, tofauti na Mzungu aliyekuja kwa mizinga. Tofauti ipo na ni kubwa, kwani Wachina hawakujenga ngome pwani yetu wala hawakuchukua mtumwa. Walakin merikebu zake zilijaa askari. Huko Ceylon, mwaka 1411, walimkamata mtawala aliyewapinga wakampeleka Uchina mateka. Urafiki wa mwenye maelfu ya askari una tabia yake, nao Malindi pasi na shaka waliijua.

Hili lina uzito leo kwa sababu kisa cha twiga kimerudi kufanya kazi. Mwaka 2005 Uchina iliadhimisha miaka 600 ya safari ya kwanza ya Zheng He, na tarehe 11 Julai ikawa siku ya mabaharia nchini humo. Mwaka huo huo msichana mmoja wa visiwa vya Lamu, ambaye ukoo wake unasimulia kwamba mababu zao ni mabaharia wa Kichina waliovunjikiwa na chombo, alialikwa na kupewa nafasi ya masomo. Wakaja wachimbaji wa mambo ya kale. Mwaka 2010 huko Mambrui walipata sarafu ya shaba ya mfalme Yongle, na mwaka 2013 nyingine ikapatikana Manda na wachunguzi waliotoka Marekani. Yote ni mazuri. Elimu imeongezeka. Lakini mtu aliyesoma magazeti ya miaka hiyo atakumbuka pia ni nini kilichokuwa kikijadiliwa katika vyumba vingine.

Mkataba wa reli mpya ulitiwa saini Nairobi tarehe 11 Mei 2014, waziri mkuu wa Uchina wa wakati huo, Li Keqiang, akishuhudia. Asilimia 90 ya gharama za sehemu ya Mombasa hadi Nairobi zilitoka benki ya Exim ya Uchina, kwa mikopo miwili: mmoja wa dola bilioni 1.6 wenye riba nafuu, na mwingine wa dola bilioni 1.63 wenye riba ya kibiashara. Treni ya kwanza ya abiria iliondoka tarehe 31 Mei 2017. Sehemu za mkataba wenyewe mwananchi hakuziona hadi Novemba 2022, serikali ilipozitoa. Katika miaka yote hiyo, mara ngapi tumesikia reli hiyo ikiitwa "msaada wa Wachina"? Hata hapo Salama, ambapo treni haisimami na mtu hana budi kwenda Emali akitaka kuipanda, mkahawani nilimsikia mzee mmoja akisema kwamba Wachina wametupa reli.

Hawakutupa. Wametuuzia na kutukopesha fedha za kununulia, na tangu mwaka 2013 kila bidhaa iingiayo bandarini imekuwa ikitozwa ushuru wa reli. Muuza vipuri wa Salama analijua jambo hilo kuliko mimi, kwani ushuru huo uko ndani ya bei ya kila beringi anayoiuza. Silaumu mkopo kwa kuwa ni mkopo. Mombasa hadi Nairobi kwa saa tano na kidogo ni jambo la maana, na mwenye kukumbuka usiku mzima katika ile reli ya zamani hatabisha. Ninachokataa ni maneno kuchanganywa. Katika karne ya kumi na tano hidaya yetu iliandikwa kodi, na katika karne hii mkopo wao unaandikwa hidaya. Mara zote mbili aliyeshika kalamu si sisi.

Kuna jambo jingine, na ni zito kwangu kama Mwislamu. Zheng He anatajwa kila mara Wachina wanapozungumza na nchi za Waislamu. Ni mtoto wa Yunnan. Katika jimbo hilo hilo la Yunnan, mwezi wa Mei 2023, waumini wa mji wa Nagu walikabiliana na polisi waliokuja kuvunja kuba na minara ya msikiti wao, kwa hoja kwamba mtindo wake ni wa kigeni na si wa Kichina. Misikiti mingine mingi imebadilishwa sura namna hiyo. Na Xinjiang yamefanyika makubwa zaidi. Mpwa wangu aliusifu Msikiti Mkuu wa Xi'an kwa kuwa umevaa nguo ya Kichina, nami namuunga mkono, kwani wenyewe waliivaa kwa hiari, karne baada ya karne, kama sisi tulivyovaa kanzu na kofia ya kufuma. Kuvuliwa kofia na askari si sawa na kuivua mwenyewe. Jamaa zangu hawakuambiwa habari za Nagu, wala hawakuuliza, na simlaumu mgeni kwa kutouliza. Lakini sisi tulioko nyumbani, tukipewa kisa cha Zheng He katika sinia, tuna haki ya kuuliza habari za wajukuu wa mji wake.

Nilimweleza mkwe wangu sehemu kubwa ya haya. Akasikiliza kwa adabu, halafu akanibana.

"Mjomba, wewe umesema twiga wa Malindi. Malindi kuna twiga?"

Hapo alinifurahisha. Twiga si mnyama wa mchanga wa ufukweni. Yamkini alikamatwa nyuma huko, katika nyika, na watu wa nyika, akaletwa hatua kwa hatua hadi bandarini. Watu hao hawamo katika maandishi ya Wachina, na katika masimulizi yetu ya pwani pia hawamo. Ni hivyo hivyo kwa pembe za ndovu. Al-Masudi, aliyeandika katika karne ya kumi, ameeleza kwamba pembe za nchi ya Zanji zilipelekwa Oman na kutoka hapo Bara Hindi na Uchina, na akalalamika kwamba kama si hivyo zingekuwa tele katika nchi za Kiislamu. Nani aliwawinda ndovu hao? Katika karne ya kumi na tisa tunalo jina: Kivoi wa Kitui, mfanyabiashara Mkamba ambaye misafara yake ya pembe ilishuka hadi Mombasa, na ambaye ndiye aliyempokea Krapf mwaka 1849. Karne zilizotangulia hazina majina. Kwa hiyo wana wa Salama walipokuwa wamesimama katika jumba la Yongle, hawakuwa wamekuja kutazama habari za watu wengine tu. Kitu cha kwao kilipita humo, bila jina la aliyekitoa.

Nikamwambia basi, kama ni hivyo, wanao wanajua nini cha hapa hapa? Kutoka dukani kwake si mbali kufika Kima, kituo cha reli ya zamani ambapo mwezi wa Juni 1900 simba aliingia behewani akamuua mkubwa wa polisi, Ryall, aliyekuwa amekuja kumvizia. (Kwetu kima ni tumbili, na pia ni nyama ya kusaga, na mizaha imefanywa ya kutosha.) Behewa lenyewe liko katika makumbusho ya reli Nairobi. Mbele kidogo ni Sultan Hamud, mji uliochukua jina la Sayyid Hamoud bin Mohammed wa Unguja, mtawala wa miaka 1896 hadi 1902. Makindu kuna hekalu la Masingasinga la mwaka 1926, ambapo msafiri wa dini yoyote hupewa chakula bila kulipa. Vyote hivyo viko kandokando ya barabara moja, na mtoto aliyepanda Ukuta wa Uchina hajashuka garini kuvitazama.

Jibu lake sikulipenda, lakini lilikuwa na haki. Alisema: "Nitamshusha garini atazame nini, mjomba? Xi'an nilikuta jengo, nikakuta maandishi, nikakuta mtu wa kunieleza. Hapo Kima nitamwonyesha reli na nyasi?"

Ndiyo ile habari ya kisima. Wakulima walikuta kichwa cha udongo, lakini kilichokifanya kiwe historia ni waliokuja nyuma yao: wachimbaji, walimu, na hazina ya serikali. Mwezi wa Julai 2024 Gedi iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, miaka mitatu baada ya Quanzhou, bandari ya Uchina ambayo Ibn Battuta aliifikia mnamo mwaka 1345 au 1346, yeye aliyekuwa amefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Bandari ile na magofu yetu vilikuwa ncha mbili za biashara moja, na vigae vya kaure vilivyochimbuliwa Gedi tangu Kirkman alipoanza kazi mwaka 1948 ni ushahidi. Jina katika orodha ni mwanzo. Kazi ya kuandika kibao na kumlipa mtu wa kueleza haifanywi na UNESCO. Hufanywa na wizara, na kaunti, na sisi wenye magazeti.

Binti alirudi kwenye daftari lake, akafuta neno kodi. Aliniuliza kama aandike zawadi au hidaya. Nikamwambia aandike hidaya, na chini yake aandike kwamba Wachina waliliita jina jingine na sababu yake. Mwalimu wake akikataa, aniletee.

Wamekusudia kushuka pwani likizo ya Desemba, kwa treni kutoka Emali. Nimewaambia wasiishie Gedi. Wavuke daraja la Sabaki, kaskazini ya Malindi, wafike Mambrui, waulize kaburi la mnara. Ni kaburi la zamani, na katika mnara wake yalipachikwa mabakuli ya Kichina ya zama za Ming, kama walivyokuwa wakipamba mababu. Katika makaburi mengi ya namna hiyo pwani nzima mabakuli yamekwisha kung'olewa au kuvunjwa, yamebaki mashimo ya duara. Waende asubuhi, kabla jua halijawa kali, na wachukue lile daftari.